Mali ya Ndugu Asiye na Uwezo wa Kiakili: Nani Aisimamie, na kwa Mamlaka Gani?

Katika familia nyingi hapa Chala na kote Ufipa yumo mzee ambaye kiharusi au usahaulifu wa uzeeni umemwondolea uwezo wa kuamua, au kijana aliyeugua akili kwa miaka mingi. Ndugu huyu huenda ana shamba la mahindi, ng'ombe, pensheni au akiba benki. Ni nani aisimamie mali hiyo? Ugomvi mwingi wa ndugu huanzia hapo.

Mali bado ni yake

Kosa la kwanza ni kuichukulia mali ya mgonjwa kana kwamba ni mirathi. Mirathi hufunguliwa na kifo, na ndugu yetu yu hai. Kikao cha ukoo kinaweza kushauriana na kupendekeza jina la msimamizi, lakini muhtasari wa kikao haumpi mtu mamlaka ya kuuza wala kugawa. Mtoto anayeuza shamba la baba yake mgonjwa anauza kisicho chake, na mnunuzi naye yumo hatarini kupoteza fedha zake.

Ugonjwa haufuti haki zote

Sheria ya Mikataba ya Tanzania hudai kwamba anayefanya mkataba awe na akili timamu wakati wa kuufanya. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inakiri kwamba mtu ambaye kwa kawaida hana utimamu aweza kuingia mkataba katika vipindi ambavyo akili yake imetulia. Aidha, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 12 kwamba watu hao ni sawa na wengine mbele ya sheria, na wana haki ya kumiliki mali na kusimamia fedha zao. Basi hatua ya kwanza ni kumsaidia ndugu aelewe na aamue mwenyewe kadiri awezavyo. Asiyeweza kuamua kuuza shamba huenda bado anaweza kuchagua nguo ya kununua.

Njia za mkato

Wengi hutumia namba ya siri ya simu au kadi ya benki ya mgonjwa. Wengine humshika mkono aweke dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa. Dole gumba la namna hiyo si ridhaa.

Wapo pia wanaotegemea hati ya uwakilishi, yaani waraka ambao mtu humpa mwenzake mamlaka ya kutenda kwa niaba yake. Hati hiyo lazima itolewe na mtu mwenye akili timamu. Tena, kwa Sheria ya Mikataba, uwakala hukoma aliyeutoa anapopoteza utimamu wa akili. Kwa hiyo hati iliyoandikwa miaka ya afya haitoshi ugonjwa ukishaingia.

Njia ya mahakama

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mahakama kumteua msimamizi wa mali ya mtu mwenye ugonjwa wa akili. Familia ijiandae hivi:

1. Ipate taarifa ya daktari kuhusu hali ya mgonjwa.
2. Iorodheshe mali zote: mashamba, mifugo, nyumba, akaunti, pensheni na madeni.
3. Ikubaliane juu ya mtu mwaminifu, na iandike muhtasari.
4. Iwasilishe maombi mahakamani. Mahakama itajiridhisha kwanza kwamba mhusika kweli hawezi kusimamia mambo yake.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili amwone msaidizi wa kisheria. Huduma hiyo inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, pale Namanyere, nayo iulizwe.

Wajibu wa msimamizi

Aliyeteuliwa hajapewa mali, amekabidhiwa dhamana. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1284, huwataka wasimamizi wa mali za Kanisa watende kwa bidii ya baba mwema wa familia, waandike mapato na matumizi, na watoe hesabu kila mwaka. Kipimo hicho kinafaa pia nyumbani. Fedha za mgonjwa zilipie kwanza chakula, dawa na makazi yake. Fedha zake zisichanganywe na za msimamizi, risiti zitunzwe, na ndugu waonyeshwe daftari.

Sadaka nazo zina mpaka. Kanuni ya 1299 inamruhusu kutoa mali kwa kazi za Kanisa yule awezaye kuitoa kwa hiari. Hivyo parokia isipokee ng'ombe au kiwanja kutoka kwa asiyeelewa anachokitoa, hata kama familia inasisitiza.

Yoshua bin Sira, sura ya 3, anamwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zake zinapopungua. Kumvumilia ni pamoja na kuilinda mali yake. Viongozi wa jumuiya ndogondogo, mnapomtembelea mgonjwa, tazameni kama anakula, kama anavaa, na kama kilicho chake kinamfikia.