Msongamano katika Njia za Habari

Mwezi wa Oktoba, mwaka 1986, lilitokea jambo la ajabu katika mji wa Berkeley, jimbo la California, Marekani. Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California vilikuwa vimeunganishwa kwa mtandao wa kompyuta, na umbali baina yao ulikuwa yadi 400 tu, mwendo ambao mzee mwenye mkongojo aweza kuumaliza kabla chai yake haijapoa. Habari zilizokuwa zikipita hapo kwa kasi ya biti 32,000 kwa sekunde zilishuka ghafula zikawa biti 40. Waya hazikukatika wala mashine hazikuharibika. Njia ilikuwa nzima, lakini wasafiri hawakupita.

Kisa chake chataka maelezo. Kompyuta haipeleki maandishi yote kwa mkupuo. Huyakata katika pakiti ndogo ndogo, na kila pakiti ifikapo, mpokeaji hurudisha jibu. Jibu likikawia, mpelekaji hudhani kuwa pakiti imepotea, naye huipeleka tena. Kanuni hiyo ni njema wakati njia ni nyeupe. Njia ikisongamana hugeuka sumu, kwa maana kila mmoja hupeleka nakala ya pili na ya tatu, na nakala hizo ndizo zizidishazo kuziba njia. John Nagle alikwisha kuonya juu ya hatari hiyo katika mwaka 1984.

Van Jacobson, mtafiti wa maabara ile, alishirikiana na Michael Karels wa chuo kikuu kutafuta dawa, na maelezo yao yakatolewa mwaka 1988. Hawakutaka waya nene zaidi. Walibadili programu iliyomo ndani ya kompyuta ya mpelekaji. Mpelekaji aanze na pakiti moja. Jibu likirudi apeleke mbili, kisha nne, hata akaribie uwezo wa njia. Pakiti ikipotea, asikasirike na kurudia kwa pupa, bali aichukue kuwa ishara ya msongamano, arudi nyuma, kisha aongeze mwendo taratibu. Programu hiyo iliingizwa katika mfumo wa Unix wa Berkeley, ikaenea.

Linalonistaajabisha mimi ni kwamba njiani hapakuwa na askari. Aliyekataa kujizuia angepata sehemu kubwa kuliko wenzake, nao wenye adabu wangezidi kujibana kwa ajili yake. Njia ya wote ilitegemea hiari ya kila mmoja, na hiari hiyo ilikuwa imeandikwa kwa hesabu.

Foleni, hata hivyo, siyo sababu pekee ya kukawia. Kabla ya mwaka 2009 sehemu kubwa ya mawasiliano ya Afrika Mashariki na ulimwengu wa nje ilipitia setilaiti zilizo juu kiasi cha kilometa 36,000. Swali na jibu lake vilikula takriban nusu ya sekunde angani, na hakuna programu iwezayo kuufupisha mwendo wa mwanga. Waya wa Seacom, uliopita chini ya bahari na kuanza kazi Julai 2009, ndio ulioifupisha safari hiyo.

Umbali ukapungua, foleni ikabaki, tena ikarefuka mahali pasipotazamiwa. Kumbukumbu za kompyuta zilikuwa zimeshuka bei, na watengenezaji wakaweka ghala kubwa za kungojea ndani ya vifaa vya mtandao ili pakiti zisipotee. Nia ilikuwa njema, lakini kupotea kwa pakiti ndiko kulikokuwa onyo! Wapelekaji, kwa kukosa onyo, wakaendelea kusukuma. Jim Gettys, mhandisi wa Kimarekani, aligundua maradhi hayo nyumbani kwake, naye akaanza kuyatangaza mnamo mwaka 2010.

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Jacobson yule yule walitoa kanuni iitwayo CoDel. Haiangalii urefu wa foleni. Hupima muda ambao pakiti imengoja. Kungoja kukizidi milisekunde 5 bila kupungua kwa muda wa milisekunde 100, huanza kutupa pakiti moja moja, kwa makusudi. Apakuaye filamu hupoteza chache asizozihisi, na jirani yake atumiaye waya huo huo kwa simu humsikia mwenziwe kwa wakati.