Wageni wa mikono mitupu

Aprili 2024, mafuriko ya Rufiji yalipokuwa yanatawala habari zote, nilikuwa Kibiti natafuta watu wa kuzungumza nao. Nikaelekezwa kwa mama mmoja aliyehamia kwa ndugu zake baada ya shamba lake la mpunga, huko upande wa delta, kufunikwa na maji. Alikuwa ameokoa godoro, sufuria mbili na kaunta buku moja iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki.

Nikadhani ni daftari la vikoba. Kumbe ni kumbukumbu za Legio ya Maria. Yeye ni katibu. Kila wiki wanakutana, wanasali, kisha kila mmoja anasimulia kwa mdomo alimtembelea nani, naye anaandika. Hata wiki ya mafuriko walitoka, wawili wawili, kwenda kwa waliohama.

"Mliwapelekea nini?" nikauliza.

"Hatupeleki kitu, mwanangu. Legio haitoi unga."

Nikamwangalia. Watu wamepoteza kila kitu, na ninyi mnaenda mikono mitupu? Akacheka. "Mchele nilipeleka kesho yake. Ila huo ni wa jirani, sio wa Legio."

Jibu hilo lilinisumbua njia nzima ya kurudi Dar. Nikaanza kusoma.

Legio ilianza Dublin, Ayalandi, usiku wa tarehe 7 Septemba 1921, katika nyumba iitwayo Myra House. Mezani palikuwa na kitambaa cheupe, sanamu ya Bikira Maria, mishumaa miwili na maua. Waliokuwepo ni wanawake kumi na watano, wengi wao wasichana, padri mmoja, na Frank Duff, mtumishi wa serikali wa miaka 32. Mlei kabisa. Tena mwenyekiti hakuwa Duff. Alichaguliwa mama wa makamo, Elizabeth Kirwan. Kazi ya kwanza waliyopangiwa: kuwatembelea wanawake wagonjwa katika hospitali ya maskini.

Duff alikuwa tayari mwanachama wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho kazi yake ni kuwasaidia maskini kwa vitu. Alijua basi mgeni mwenye kikapu anavyopokelewa: kwa heshima nyingi, na kwa maneno ambayo mwenyeji anadhani mgeni anataka kuyasikia. Legio ikajiwekea kanuni kwamba haitoi msaada wa vitu. Wenye mkate wapo, waendelee nao. Hawa waende kukaa na kusikiliza. Faida ya pili naiona mimi kuwa kubwa zaidi. Kama zawadi haihitajiki, hata maskini anaweza kuwa mgeni wa mwenzake.

Haikuwa rahisi. Duff na wenzake walipoingia kwenye nyumba za makahaba wa Dublin, wakubwa wa Kanisa wa jiji lao walimtazama kwa jicho la pembeni, na hali hiyo iliendelea miaka mingi. Alipoalikwa kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965 kama mtazamaji mlei, maaskofu walisimama kumpigia makofi. Alikufa mwaka 1980.

Afrika Mashariki ilimpata Edel Quinn. Alizaliwa mwaka 1907, akataka kuwa mtawa wa ndani, kifua kikuu kikamzuia, akalazwa sanatoria zaidi ya mwaka. Oktoba 1936 akapanda meli kuja huku kama mjumbe wa Legio. Wapo waliopinga asitumwe, na ukiangalia afya yake huwezi kuwalaumu. Alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar, hadi Nyasaland na Mauritius, akianzisha presidia, yaani vikundi vya Legio. Alifia Nairobi tarehe 12 Mei 1944, ana miaka 36.

(Wasomaji wa Kenya, msinipige mawe: kanisa la Legio Maria lililoibuka Nyanza miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto ni habari nyingine, ingawa jina linatoka kisima hichohicho.)

Kinachonikera ni jinsi habari hii inavyosimuliwa kana kwamba Edel alitembea peke yake. Mgeni wa wiki moja haanzishi kitu kinachodumu. Walioendelea kukutana baada ya yeye kuondoka ni wenyeji, na hao ndio ningependa kuwajua.

Ukumbuke pia pwani hii ilivyoufahamu Ukatoliki. Wamisionari walipofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwakomboa watumwa, wakawapa makazi, shule, kazi. Mambo mema, lakini tangu hapo Kanisa likawa mtu mwenye kitu mkononi. Kibiti na delta ni nchi ya Waislamu walio wengi. Mkristo akibisha hodi na kilo mbili za unga, jirani ana haki ya kujiuliza unga huo unanunua nini. Akija mikono mitupu, ni mgeni tu, anakaribishwa mkekani.

Ila hata hilo lina gharama. Mwaka 2017 Kibiti ilijulikana nchi nzima kwa mauaji ya askari na viongozi wa vijiji. Nikamuuliza yule mama kwa simu kama siku zile walitoka na daftari lao.

"Tulitoka mchana. Daftari nililiacha nyumbani. Mtu akiandika wakati ule alikuwa anatisha."

Niliporudi Kibiti kumsalimia nilimwomba nipige picha ukurasa mmoja tu, wa wiki ile ya mafuriko. Alikataa. Majina ya waliotembelewa hayatoki nje ya kikao, akasema, hata kwa mwandishi wa habari. Akalirudisha daftari kwenye mfuko wake wa plastiki, akafunga fundo mbili, akaniuliza kama nimekula.