Mawe Yetu Yako Wapi?

Ndugu wana Mirerani, tanzanaiti iligunduliwa kwetu mwaka 1967. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina la nchi yetu. Mawe mengi yalikatwa yakawa vito. Lakini wapo wakusanyaji wanaotaka jiwe kama lilivyotoka ardhini: fuwele nzima, ikiwa bado imeshikana na kinywe. Nyundo ikivunja ncha, kwao thamani imeanguka.

Fuwele nyingi nzuri zimeishia katika makabati ya ng'ambo. Mwaka 2020 Saniniu Laizer aliiuzia Serikali mawe mawili, la kilo 9 na ushee na la kilo 5 na ushee. Yakabaki nyumbani.

Wajukuu wa wachimbaji wetu nao waione fuwele, waishike. Mchango wako utaanzisha kabati la mawe shuleni. Karibuni tuchangie.