Sauti kabla ya uso: jinsi habari ya Noeli ilivyoingia redioni na katika sinema

Jumapili ya tarehe 21 Desemba 1941, siku nne kabla ya Krismasi, Uingereza ilipokuwa katikati ya Vita Vikuu vya Pili, watoto walioketi karibu na redio walisikiliza mchezo wa kuigiza kuhusu Mfalme Herode na Mamajusi walioifuata nyota. Huo ulikuwa mchezo wa kwanza kati ya michezo 12 juu ya maisha ya Yesu Kristo. Mwandishi wake alikuwa Dorothy L. Sayers, mwanamama aliyejulikana zaidi kwa riwaya zake za upelelezi. Hakuna aliyeona chochote, kwani redio haina picha. Hata hivyo, mchezo huo ulikuwa umezusha malalamiko yaliyofika bungeni hata kabla ya kusikika.

Kwa kizazi kinachoweza kumtazama Yesu wa filamu kwenye simu ya mkononi, ghadhabu hiyo ni vigumu kuielewa. Lakini swali lililoulizwa mwaka ule halikuwa jepesi: je, mwanadamu ana haki ya kumwigiza yule ambaye waumini wanamsujudia? Na akimwigiza, je, watazamaji watamwona Kristo au watamwona mwigizaji?

Kanisa lilikuwa limekwisha kukutana na swali hilo karne nyingi kabla ya mitambo. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi alitaka watu waone kwa macho yao umaskini aliozaliwa nao Mwokozi. Aliagiza yaletwe hori, nyasi, ng'ombe na punda. Masimulizi ya kale hayataji mtu aliyeigiza Maria, Yosefu wala mtoto. Fransisko, aliyekuwa shemasi, aliimba Injili na kuhubiri mbele ya hori hilo. Huko ndiko inakohesabiwa asili ya pango la Noeli linalotengenezwa hadi leo makanisani na majumbani. Inafaa kukumbuka kwamba mwanzoni kulikuwa na mahali, wanyama na sauti. Uso ulikuja baadaye.

Uso katika kitambaa cheupe

Sinema ilizaliwa karibu na Krismasi. Tarehe 28 Desemba 1895 ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao zinazotembea mjini Paris mbele ya watu waliolipa kiingilio. Haikupita miaka mitatu maisha ya Kristo yakawa yamekwisha kupigwa picha, tena zaidi ya mara moja. Filamu iliyoonyeshwa New York mwaka 1898 ilitangazwa kuwa ni mchezo maarufu wa mateso ya Yesu unaochezwa katika kijiji cha Oberammergau, Ujerumani. Kumbe ilikuwa imepigwa juu ya paa la jengo moja mjini humo humo New York! Biashara na ibada vilianza kuchanganyika mapema.

Baadaye kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitengeneza filamu ndefu zaidi ya maisha na mateso ya Bwana, kati ya mwaka 1902 na 1905, baadhi ya sehemu zake zikitiwa rangi. Mwaka 1912 kampuni ya Marekani iitwayo Kalem ilikwenda mbali zaidi. Mwongozaji Sidney Olcott aliwapeleka waigizaji wake hadi Misri na Palestina ili habari ipigwe picha katika nchi yenyewe. Filamu hiyo, ambayo jina lake lina maana ya kutoka horini hadi msalabani, inaionyesha familia takatifu ikipumzika karibu na sanamu kubwa ya Sphinx wakati wa kukimbilia Misri. Nafasi ya Maria ilichezwa na Gene Gauntier, ambaye pia ndiye aliyeandika hadithi, na ile ya Yesu ikachezwa na Mwingereza, Robert Henderson-Bland.

Mjini London mapadri na wachungaji walialikwa kuitazama kabla ya watu wa kawaida. Wengi waliisifu. Magazeti, kwa upande wake, yaliuliza kama ni halali Mwana wa Mungu kuonyeshwa kwa kiingilio katika kumbi zile zile zilizoonyesha vichekesho na mapigano ya ngumi. Bodi ya kukagua filamu ya Uingereza, iliyoundwa mwaka huo huo na kuanza kazi mwaka 1913, ilianza na makatazo mawili tu: kuonyesha watu uchi, na kumwonyesha Kristo. Kwa nchi ya Kikristo, kuyaweka mambo hayo mawili katika orodha moja ni jambo la kustaajabisha, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mawimbi ya hewani

Redio nayo ina hadithi yake ya Krismasi. Inasimuliwa kwamba usiku wa tarehe 24 Desemba 1906, mvumbuzi Reginald Fessenden alirusha hewani muziki wa fidla na maneno ya Injili kutoka Brant Rock, Massachusetts, na kwamba mabaharia waliozoea kusikia milio ya simu ya upepo walishtuka kusikia binadamu akizungumza. Hadithi hiyo ni nzuri, lakini baadhi ya wanahistoria wanaitilia shaka, kwa kuwa msingi wake mkubwa ni barua ambayo Fessenden mwenyewe aliiandika mwaka 1932, miaka 25 na zaidi baada ya tukio.

Yasiyo na shaka ni yaliyofuata. Mwaka 1928 BBC ilianza kutangaza ibada ya mkesha wa Krismasi kutoka kanisa la chuo cha King's, Cambridge, yenye masomo tisa na nyimbo za Noeli. Tangu hapo, isipokuwa mwaka 1930, imetangazwa kila mwaka. Wakati wa vita vioo vya rangi viliondolewa madirishani kuepusha mabomu, na jina la kanisa halikutajwa hewani kwa sababu za usalama, lakini nyimbo zilisikika. Huko Ecuador, kituo cha wamisionari kilichoitwa HCJB kilianza matangazo yake mjini Quito siku yenyewe ya Krismasi mwaka 1931, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na vipokezi vichache mno. Walitangaza kwanza, wasikilizaji wangepatikana baadaye.

Kusoma Injili na kuimba hakukumkera mtu. Kuigiza ndiko kulikokuwa na utata. Sheria ya Uingereza ilimpa ofisa mmoja wa kasri ya mfalme mamlaka ya kukagua michezo yote ya jukwaani, na kwa desturi hakuruhusu nafsi yoyote ya Utatu Mtakatifu kuigizwa. Dk. James Welch, mkuu wa vipindi vya dini vya BBC, alipomwomba Sayers mwaka 1940 awaandikie watoto michezo juu ya Yesu, mwandishi huyo alitoa masharti: Kristo awe na sauti kama wahusika wengine, na watu wote wazungumze Kiingereza cha kila siku. Ofisa wa kasri alijibu kwamba redio haikuwa jukwaa, mradi tu kusiwe na watazamaji studioni. Hivyo mlango ukafunguka kwa sababu ya kukosekana kwa uso.

Kazi haikwenda kwa ulaini. Wahariri wa kipindi cha watoto walipotaka kumrekebishia lugha, Sayers alirudisha mkataba ukiwa umechanwa vipande. Ilibidi michezo ihamishiwe kwa mtayarishaji mwingine, Val Gielgud. Kisha, tarehe 10 Desemba 1941, katika mkutano na waandishi wa habari, zilisomwa sehemu ambamo Mathayo mtoza ushuru alisema kama mtu wa mitaani. Magazeti yakaandika kwamba maisha ya Yesu yamegeuzwa lugha ya wahuni. Chama kimoja kilichotetea heshima ya siku ya Jumapili kilimtaka Waziri Mkuu Winston Churchill na Askofu Mkuu wa Canterbury waizuie kufuru hiyo.

Waliolalamika walikuwa bado hawajasikia hata neno moja la mchezo wenyewe. Walikuwa wamelelewa na Biblia ya mwaka 1611, na kwao utakatifu wa habari ulikuwa umeshikamana na ukale wa maneno yake. Sayers aliona kinyume chake. Kwake yeye, lugha ile ya kale ilikuwa imeifanya habari kuwa pambo la dirisha la kanisa, mahali ambapo mtu anasulubiwa na hakuna anayeshtuka. Hoja yake ilikuwa na nguvu zaidi, na wasikilizaji wengi waliandika barua kusema hivyo. Lakini uchungu wa wapinzani haukuwa wa uongo. Welch mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kuna waliodai Singapore, iliyotekwa na Wajapani mwezi Februari 1942, ilianguka kwa sababu ya michezo hiyo, wakasihi isimamishwe kabla Australia nayo haijapatwa na mkasa kama huo. Michezo haikusimamishwa. Mwigizaji Robert Speaight alimpa Kristo sauti hadi mchezo wa mwisho, mwezi Oktoba 1942.

Lugha ya nyumbani

Barani Afrika swali lilikuja kwa sura nyingine. Wamisionari walitangulia kuleta taa ya kuonyeshea picha za vioo. David Livingstone, alipofika kwa mtawala Shinte mwaka 1854, katika eneo ambalo sasa ni kaskazini magharibi mwa Zambia, alionyesha picha ya Ibrahimu akiinua kisu juu ya mwanawe. Alipoisogeza picha, wanawake waliona kisu kinawajia wao, wakatimua mbio. Livingstone aliandika kwamba hiyo ndiyo njia pekee ya mafundisho aliyowahi kuombwa airudie.

Katika Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, Baraza la Kimataifa la Wamisionari lilidhamini jaribio la sinema lililokuwa na makao yake Vugiri, milimani Usambara. Ungetazamia filamu za Injili, lakini mada zilikuwa hasa kilimo, afya, kodi na akiba ya posta. Kwa upande wa dini, aliyewafikia watu wa Afrika Mashariki kwa lugha yao alikuwa mtangazaji wa redio. Radio Sauti ya Injili, iliyofunguliwa Addis Ababa mwaka 1963 na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ilikuwa na matangazo ya Kiswahili kwa mawimbi mafupi, yakitayarishwa katika studio ya Moshi. Iliendelea hadi Machi 1977, serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitwaa kituo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1979, ilitolewa filamu iliyokuja kuunganisha uso na lugha ya nyumbani. Filamu iitwayo Jesus ilitengenezwa na John Heyman kwa ushirikiano na Bill Bright, mwasisi wa Campus Crusade for Christ, ikapigwa picha nchini Israel. Yesu aliigizwa na Mwingereza Brian Deacon, na wengi wa wengine walikuwa Waisraeli. Maneno yake yanafuata Injili ya Luka. Ndiyo maana mtazamaji anayeingoja nyota ya Mamajusi haioni: hao wamo katika Mathayo, na Luka anawataja wachungaji wa kondoo tu.

Sokoni haikutia fora. Nguvu yake ilijulikana ilipoanza kutiwa sauti za lugha nyingine, wazungumzaji wa kila lugha wakirekodiwa na maneno yakipangwa yaendane na midomo. Sasa imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwamo, na hakuna filamu nyingine inayoifikia kwa hesabu hiyo. Kwa miaka mingi ilizunguka vijijini kwa projekta, jenereta na kitambaa cheupe kilichofungwa kati ya nguzo mbili. Wenye kuketi nyuma ya kitambaa waliona picha iliyogeuka, lakini sauti ilikuwa ile ile.

Wapo waliouliza, na kwa haki, kwa nini Yesu anayesema Kiswahili ana sura ya mtu wa Ulaya. Na katika mwambao, majirani Waislamu wanaomheshimu Nabii Isa hawakubali mitume waigizwe, kwa hiyo kuonyesha filamu hiyo uwanjani si sawa na kuionyesha ndani ya uzio wa kanisa.

Mwaka 2006 ulileta majibu mawili. Tarehe 26 Novemba, filamu The Nativity Story ya Catherine Hardwicke ilionyeshwa Vatikano kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa Paulo wa Sita, mbele ya watu wapatao 7,000. Nazareti yake ilijengwa Matera, kusini mwa Italia, na Yesu ndani yake ni mtoto mchanga tu. Mapema mwaka huo huo, katika tamasha la Sundance nchini Marekani, Mark Dornford-May wa Afrika Kusini alileta Son of Man, ambamo Uyahudi ni nchi ya Kiafrika iliyojaa askari, malaika ni watoto waliobandikwa manyoya ya ndege, na Maria, aliyechezwa na Pauline Malefane, anapashwa habari darasani, katikati ya maiti za wanafunzi. Anajibu kwa kuimba, kwa Kixhosa.