Wanawake katika udaktari: Mabela, Oman

Mabela ni mtaa mkubwa wa makazi katika wilaya ya Seeb, magharibi ya Maskati. Kiswahili bado kinasemwa majumbani humo na familia zilizorejea kutoka Unguja, Pemba na bara baada ya 1970. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kimo katika wilaya hiyo hiyo, huko Al Khoud. Kilifunguliwa 1986, kitivo cha udaktari kikiwa miongoni mwa vya mwanzo, na hospitali yake ya kufundishia ilifuata 1990. Leo wanawake ni zaidi ya nusu ya madaktari Waomani, na mara nyingi mtu akiuliza habari za ubaguzi hujibiwa kwa hesabu hiyo, mazungumzo yakaishia hapo. Hesabu ni sahihi, ila inaonyesha wangapi wameingia tu. Haionyeshi waliingia kwa masharti gani, wala wamefikia wapi baada ya kuingia.

Asili

Tiba ya kisasa kwa wanawake wa Maskati ilianzishwa na mwanamke. Sarah Hosmon, daktari wa misheni ya Kimarekani aliyetembea kwa mguu wa bandia, alifungua zahanati ya wanawake mjini humo 1913 na kuihudumia kwa zaidi ya miaka ishirini. Hata hivyo hapakuwa na binti wa Kiomani wa kumrithi, kwa sababu hapakuwa na shule ya kumsomesha. Hadi Julai 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala, nchi nzima ilikuwa na shule tatu za serikali, zote za wavulana. Unguja, iliyotawaliwa na Al Busaidi, ukoo huo huo wa Qaboos, ilikuwa na shule ya serikali ya wasichana tangu 1927. Pengo hilo la miaka arubaini na zaidi ndilo linaloeleza kwa nini waliorejea kutoka Zanzibar, wanawake kwa wanaume, walipata nafasi upesi katika mahospitali, mashule na maofisi mapya ya Oman. Walikuja na elimu, Kiingereza na mazoea ya mwanamke kutoka asubuhi kwenda kazini.

Hata Unguja yenyewe mlango haukuwa wazi kwa kila kazi. Ualimu ulihesabiwa kazi ya heshima kwa binti wa watu. Uuguzi ulitiliwa shaka, kwa kuwa muuguzi hushika miili ya wanaume na hulala nje ya nyumba yake akiwa zamu ya usiku. Udaktari ulichelewa pote Afrika Mashariki: Josephine Nambooze wa Uganda, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa eneo hili kuwa daktari, alihitimu Makerere 1959. Tanzania ilimpata Esther Mwaikambo, aliyesomea Urusi ya Kisovieti katika miaka ya 1960 na baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa MEWATA, chama cha madaktari wanawake kilichoundwa 1987.

Alama za kuingilia

Wasichana wa Oman huwashinda wavulana katika mtihani wa kumaliza sekondari. Katika chuo cha Al Khoud, nafasi za udaktari kwa miaka mingi zimegawiwa ili idadi ya jinsia mbili ikaribiane, na matokeo yake ni kwamba msichana hutakiwa alama za juu kuliko mvulana kwa kiti kile kile. Wanaoutetea mgawo huu wanasema taifa linahitaji madaktari wanaume wa kupelekwa mikoa ya mbali na wa kushika zamu nzito, na kwamba mwanamke akishaolewa na kuzaa hupunguza kazi. Hoja ya mikoa ya mbali ina uzito, lakini dawa yake ni mkataba, posho na nyumba ya kukaa na watoto huko Musandam au Dhofar. Alama za mtihani hazimpeleki mtu kokote. Hoja ya uzazi ni dhaifu zaidi, kwani inamtoza binti wa miaka 18 deni la likizo ambayo hajaichukua, kwa ajili ya mtoto ambaye hajamzaa. Mwaka 2018 iligunduliwa kwamba chuo kimoja cha udaktari mjini Tokyo kilikuwa kikiwapunguzia wanawake alama kwa siri kwa zaidi ya miaka kumi, na sababu iliyotolewa ilikuwa hiyo hiyo ya uzazi. Japani iliona aibu na chuo kikaomba radhi. Oman imelifanya jambo hili hadharani, kama kanuni, na kwa hiyo limezoeleka.

Ubingwa na zamu

Wanawake wamejaa katika udaktari wa familia, magonjwa ya wanawake na uzazi, na watoto. Katika upasuaji ni wachache. Jibu la kawaida ni kwamba wamechagua wenyewe, na kwamba mila inataka mgonjwa wa kike atibiwe na mwanamke. Basi na tuitazame mila hiyo kwa makini. Mwenye uvimbe wa titi, au aliyevunjika nyonga, anastahi mwili wake kama mjamzito anavyostahi wake. Kama sitara ndiyo ingekuwa sababu, wodi za upasuaji zingekuwa za kwanza kuwatafuta wanawake.

Kinachochagua ni saa za kazi. Kituo cha afya cha serikali mtaani hufunga mchana, na mama wa Mabela akafika nyumbani kabla ya watoto kulala. Sheria humpa anayenyonyesha saa moja kwa siku. Katika kituo cha afya saa hiyo hupatikana, mtu akatoka na kurudi. Kwenye thieta, tumbo likishafunguliwa, hakuna wa kumwachia kisu, na maziwa humlowesha chini ya gauni la kijani. Haki iliyoandikwa kwa wote humfikia tu aliyekwisha kwenda kwenye kazi nyepesi, kisha huambiwa kazi hiyo aliipenda mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lilieleza 2019 kwamba wanawake ni kama asilimia 70 ya wahudumu wa afya duniani, lakini wameshika kama robo tu ya nafasi za juu.

Wapo wanaohofia ubora wa tiba ya daktari mwanamke. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwishoni mwa 2016, juu ya wazee waliolazwa, ulikuta waliotibiwa na madaktari wanawake walifariki kwa kiwango cha chini kidogo, asilimia 11.07 dhidi ya 11.49.

Sheria

Katiba ya 1996 ilikataza ubaguzi wa kijinsia, na 2006 Oman ikaridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Likizo ya uzazi, iliyokuwa siku 50, ilifanywa siku 98 na sheria ya kazi ya 2023, na baba akapewa siku 7. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka huo huo ilihamishia malipo ya likizo hiyo kwenye mfuko wa bima, ili mwajiri asiwe na kisingizio cha gharama.

Wauguzi wa kigeni

Wauguzi wa kigeni nchini Oman, wengi wao, ni wanawake kutoka India na Ufilipino. Tangu Januari 2021 anayemaliza mkataba anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ridhaa ya yule wa kwanza.