Kuomba chuo ng'ambo: Jinsi ya kuandika insha bila kuvuka kikomo cha maneno

MWANAFUNZI wa Kenya anayehitimu kidato cha nne huwa amezoea kuhofia jambo moja anapoandika insha: upungufu wa maneno. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE humwagiza kwamba kila insha isipungue maneno 400. Hivyo basi, hujifunza kurefusha utangulizi, kurundika methali na kupamba hitimisho.

Anapoomba nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo, hukumbana na sharti lililo kinyume kabisa. Humu nchini, shirika la KUCCPS hugawa nafasi za vyuo kwa kuzingatia alama za KCSE na kozi alizochagua mwanafunzi, wala halidai insha. Kwa sababu hiyo, wengi huandika insha ya aina hii kwa mara ya kwanza pale ambapo kosa laweza kuwagharimu nafasi au ufadhili.

Nchini Marekani, fomu ya Common Application, inayotumiwa na mamia ya vyuo, hudai insha ya maneno yasiyopungua 250 wala kuzidi 650. Chuo Kikuu cha California hutoa maswali manane. Mwombaji huchagua manne na kujibu kila moja kwa maneno yasiyozidi 350.

Uingereza haihesabu maneno bali herufi. Kupitia UCAS, mwombaji hupewa herufi 4,000, zikiwemo nafasi kati ya maneno na alama za uakifishaji. Kwa wanaojiunga na vyuo kuanzia mwaka wa 2026, herufi hizo hugawanywa katika maswali matatu, na kila jibu lisipungue herufi 350.

Hata hivyo, mwanafunzi wa Kenya hakosi maandalizi. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili, swali la ufupisho humtaka ateue hoja muhimu na kuzieleza kwa idadi maalumu ya maneno. Stadi hiyo ndiyo inayohitajika hapa.

Kwanza, aandike rasimu kamili bila kuhesabu. Anayehesabu tangu sentensi ya kwanza aghalabu huacha jambo lenye uzito kwa hofu ya nafasi.

Pili, apunguze hoja kabla ya kupunguza maneno. Maneno 650 hayatoshi maisha ya mtu. Yanatosha tukio moja na funzo lake. Shule alizosomea na alama alizopata tayari zimo katika sehemu nyingine za fomu, kwa hivyo hazina haja ya kurudiwa.

Tatu, achuje sentensi. Mathalani: "Nilipokuwa na umri wa miaka kumi nilianza kumsaidia mama yangu mzazi kufanya kazi ya kuuza mboga sokoni." Hayo ni maneno 17. "Nikiwa na miaka kumi nilimsaidia mama kuuza mboga sokoni" ni maneno tisa, na maana haijapotea.

Nne, aondoe sifa za kujipigia debe. Wahenga walisema muungwana ni vitendo. Anayeeleza jinsi alivyoamka alfajiri kupanga mboga kabla ya kwenda shuleni hana haja ya kuongeza kwamba yeye ni mwenye bidii.

Mwisho, ainakili insha katika fomu siku kadhaa kabla ya makataa, kisha aisome tena humo humo. Hesabu ya programu ya kuandikia huenda isilingane na ya fomu, na sentensi ya mwisho ikikatwa, hitimisho zima huharibika.

Si lazima kufikia kikomo. Insha ya maneno 560 iliyokamilika ni bora kuliko ya 650 iliyojazwa ili kutimiza idadi. Msomaji wa insha hiyo hajawahi kumwona mwombaji, na kila neno la ziada humnyima nafasi ya kumfahamu.