Ulster: Mkoa mmoja, serikali mbili

Ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa cha Ireland huitwa Malin Head, nayo imo katika kaunti ya Donegal. Ajabu ni kwamba Donegal si sehemu ya Ireland Kaskazini. Iko chini ya Jamhuri ya Ireland, nchi ambayo majirani zake wamezoea kuiita "Kusini". Chanzo cha kitendawili hicho ni kugawanywa kwa mkoa wa Ulster.

Ulster ni mmoja wa mikoa minne ya jadi ya kisiwa hicho, pamoja na Leinster, Munster na Connacht. Una kaunti tisa. Sita kati ya hizo, yaani Antrim, Armagh, Down, Fermanagh, Tyrone na Londonderry, zimo katika Ufalme wa Uingereza. Tatu, ambazo ni Cavan, Donegal na Monaghan, zimo katika Jamhuri. Kwa hivyo mtu anayesema "Ulster" akimaanisha Ireland Kaskazini peke yake huwa ameiacha nje theluthi nzima ya kaunti.

Urithi wa mkoa huu ni wa kale kuliko mgawanyiko wake. Karibu na mji wa Armagh pana boma la Navan, linalotajwa katika masimulizi ya Kiairishi kuwa makao ya wafalme wa Ulster. Masimulizi hayo humsifu shujaa Cú Chulainn, aliyesimama peke yake kuukinga mkoa dhidi ya jeshi la Connacht lililokuja kupora fahali mashuhuri. Armagh penyewe pana makanisa makuu mawili, moja la Wakatoliki na jingine la Waprotestanti. Yote mawili yamepewa jina la Mtakatifu Patrick, na kila moja liko juu ya kilima chake.

Hadi mwishoni mwa karne ya 16, Ulster ndio mkoa uliokuwa mgumu zaidi kwa watawala wa Uingereza. Hugh O'Neill, mtemi wa Tyrone, aliwapiga vita kwa miaka kadhaa kabla ya kusalimu amri mnamo 1603. Septemba 1607 yeye na watemi wenzake walipanda jahazi huko Rathmullan, Donegal, wakaelekea bara Ulaya, wasirejee tena. Ardhi yao ilitwaliwa na taji la Uingereza, na kuanzia 1609 ikagawiwa walowezi wa Kiprotestanti kutoka Scotland na Uingereza. Vyama vya wafanyabiashara wa London vilipewa mji wa Derry, na jina la mji huo likaongezwa kuwa Londonderry. Mpaka leo jina analolitumia mtu hudokeza upande wake.

Wazao wa walowezi hao ndio waliopinga vikali mpango wa kuipa Ireland serikali yake ya ndani. Tarehe 28 Septemba 1912 walianza kutia sahihi Agano la Ulster, na takriban watu nusu milioni, wake kwa waume, wakaahidi kusimama pamoja. Miongoni mwao walikuwamo Waprotestanti wa Cavan, Donegal na Monaghan.

Hapa ndipo pana kisa ambacho husahaulika. Mwaka 1920, sheria ya kugawa kisiwa ilipokuwa ikitungwa, viongozi wa chama cha Muungano walipiga hesabu. Katika kaunti tisa, Wakatoliki wangekuwa karibu sawa nao kwa idadi; katika sita, Waprotestanti wangekuwa wengi kwa yakini. Wakachagua sita. Wajumbe wa zile kaunti tatu walilalamika kwamba agano limevunjwa, lakini hawakusikizwa. Ni vigumu kutowahurumia, ingawa Wakatoliki wa Tyrone na Fermanagh, waliokuwa wengi katika kaunti zao, nao waliachwa upande wasioutaka.

Ghasia zilizozuka mwishoni mwa miaka ya 1960 ziliua zaidi ya watu 3,500 kabla ya mkataba wa amani wa Aprili 10, 1998. Hesabu ya 1920 nayo haikudumu: sensa ya 2021 ilionyesha kwamba katika kaunti sita, waliolelewa katika Ukatoliki walikuwa wamewapita waliolelewa katika Uprotestanti. Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya mnamo 2020, mpaka huo ukageuka kuwa mpaka wa nchi kavu kati ya Uingereza na umoja huo.

Michezo haikuufuata mpaka. Timu ya raga ya Ulster huwakilisha kaunti zote tisa, na ubingwa wa mkoa katika soka ya Kigaeli hushindaniwa na kaunti hizo hizo. Fainali yake aghalabu huchezwa Clones, mji mdogo wa Monaghan ulio mpakani. Shabiki atokaye Cavan mjini kwenda huko kwa barabara kuu huingia Uingereza na kutoka zaidi ya mara moja njiani, bila kusimamishwa na askari yeyote.